Beseni Liko Wapi?

Mwaka 2018 nilikuwa nauza simulizi kwenye makundi ya WhatsApp, shilingi 1,000 hadithi nzima, kwa jina la kike. Msimulizi wangu alikuwa mke wa pili wa muuza mitumba, anasema "mimi" mwanzo mwisho. Wasomaji karibu wote walikuwa wanawake. Waliniita shoga, na wengine wakanimwagia hadi ya ndoani kwao.

Kilichoniumbua ni pesa. Msomaji mmoja alikuwa anatuma malipo kwa simu, kabla hajaingiza namba ya siri likatokea jina nililosajili laini: majina matatu, yote ya kiume. Akalipiga picha, akalirusha kundini. "Kumbe shoga yetu ana ndevu."

Nilijitetea kisomi. Nikasema mashairi mangapi ya taarab waliyoimba wanawake yametungwa na wanaume? Shaaban Robert si ndiye aliyeandika maisha ya Siti binti Saad? Na Kezilahabi, kijana wa Ukerewe, si ndiye aliyetuletea riwaya ya Rosa Mistika mwaka 1971? Mama mmoja akanijibu kwa mstari mmoja: "Shaaban Robert hakujiita Bi Shaaban."

Kwa hiyo kama unaandika kwa jina la kike ili usiulizwe maswali, ushauri wangu ni huo wa yule mama. Weka jina lako. Zile siri za ndoa nilizosimuliwa hazikuwa zangu kuzisikia, na mpaka leo zinaniuma kuliko kicheko cha kundi zima.

Baada ya hapo nilikaa karibu mwaka sigusi mhusika wa kike. Wanaume watupu: makondakta, wavuvi, mapadri. Kila nikitaka kumwingiza mwanamke nasikia sauti, "Wewe mwanamume unajua nini?" Nikajiona mnyenyekevu kweli kweli. Nikiangalia sasa, nilikuwa najiwaza mwenyewe tu: nitaonekanaje, nitasemwaje. Mhusika maskini hakupata hata pa kukaa.

Dada yangu mkubwa ndiye aliyenitoa huko, wala hakukusudia. Nilimpa hadithi yenye mama anayejifungua usiku. Nilikuwa nimeipamba: mvua, maumivu, mwezi, sijui nini. Akasoma kimya, akavua miwani.

"Mdogo wangu, huyu ameenda leba mikono mitupu? Beseni liko wapi?"

Nikamwangalia tu.

"Beseni, khanga, mpira wa kutandika, pamba, glovu. Mtu anaanza kununua kidogo kidogo toka mimba ina miezi sita. Huyu wako kanunua nini? Na hela kampa nani?"

Hakuniambia sina haki ya kuandika, wala hakunipongeza kwa ujasiri. Aliniuliza beseni. Na nilipolitafuta hilo beseni hadithi nzima ikageuka, maana ilibidi nijue nani alitoa hela, na mume aliposema "subiri mwisho wa mwezi" mkewe alikwenda kukopa kwa nani. Ile mvua nikaifuta yote.

Tangu hapo siulizi tena "wanawake huhisije?" Hilo swali halina jibu, na anayelijibu anakudanganya. Nauliza kabeba nini mkononi, ufunguo anao nani, jambo hili atamwambia nani kwanza. Kezilahabi anapomwonyesha Zakaria akimpiga bintiye Rosa kwa ajili ya barua ya mvulana, naona ile barua kabla ya kuona hoja yoyote. Mwisho wa Rosa nina ugomvi nao, lakini barua ile siisahau. Na kitabu hicho kilizuiwa mashuleni kisha kikaja kufundishwa, kwa hiyo ukingoja kwanza watu wote wakuelewe utangoja sana.

Liko jingine ambalo sisi wanaume hatupendi kulitaja. Mimi naandika saa tatu hadi saa sita usiku. Kwa miaka niliita hiyo nidhamu. Muda huo mke wangu alikuwa anaosha vyombo, analaza watoto, anapiga pasi sare za shule. Dada yangu naye alikuwa anatunga mashairi alipokuwa sekondari. Daftari lilikwisha akaacha. Nikisikia wenzangu wakilalamika kwamba siku hizi nafasi zote wanapewa wanawake, nakumbuka Mwana Kupona alimtungia bintiye utendi mwaka 1858, akiwa mgonjwa. Sasa vyombo Jumatatu hadi Jumatano ni vyangu. Naandika kurasa chache zaidi, basi.

Juzi nimemtumia dada hadithi mpya, ya mjane na shamba la mkorosho. Jina langu liko juu kabisa. Tiki mbili za bluu zimetokea tangu jana asubuhi, na bado hajasema kitu.