Re: Kuongeza mabwawa ya perege kando ya Mto Lukuledi

Ndugu, umeuliza namna ya kutoka mabwawa mawili hadi sita wakati majirani wa chini ya mto wanalalamikia harufu.

Kabla ya kushika jembe, vuta futi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za ukingo wa mto. Kibali cha kutumia maji na cha kutiririsha majitaka ni viwili tofauti. Vyote viombe Bodi ya Maji Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini, pale Mtwara. Usiishie cha kwanza.

Harufu nayo, siku ya kuvua, unapoyatoa maji bwawani, ndiyo mbaya. Maji ya juu hayana shida sana. Yale ya mwisho, kina cha magotini, ndiyo yanakokota tope, kinyesi na pumba zilizooza. Yakifika mtoni yanakula oksijeni. Yaelekeze kwenye bwawa la kutuamisha, yalale siku mbili tatu, kisha mwagilia migomba. Tope kavu ni mbolea, usilitupe.

Na punguza chakula: kikibaki kinaelea baada ya dakika 20, umezidisha. Zamisha mkono bwawani: maji yakiwa kijani hadi kiganja kinapotea kabla kiwiko hakijazama, acha kwanza kutia mbolea humo.