Kujijua Ukubwani: Yale Ambayo Ripoti ya Daktari Haikuniambia

Nilikuwa na miaka 37 nilipokabidhiwa ripoti ya kurasa tatu iliyosema kwamba nina usonji (autism), yaani ubongo wangu hupokea watu, sauti na mguso kwa namna tofauti, na kwamba pamoja nao ninayo ile hali ya umakini kutawanyika ambayo wengi wanaijua kwa herufi zake tu, ADHD. Niliisoma ndani ya bajaji nikitoka hospitalini, nikaisoma tena jikoni usiku watoto wakiwa wamelala, kisha nikaiweka kwenye faili moja na vyeti vyangu vya shule. Nililia kwa siku kadhaa, na kilio chenyewe kilikuwa cha faraja, kwa sababu miaka yote hiyo nilikuwa nimejihesabu kuwa mtu mzembe na mwenye moyo mgumu. Hata hivyo wiki ya tatu ilinikuta palepale: naunguza sufuria, nasahau kula, narudi kutoka kazini nikiwa siwezi kutamka neno. Jina la hali yangu nilikuwa nimelipata, lakini namna hali hiyo inavyoishi ndani yangu, katika nyumba yangu na kazi yangu hapa Dar es Salaam, sikuwa naijua bado.

Ninawaandikia watu wazima wenzangu ambao ubongo wao hufanya kazi kwa mpangilio tofauti na wa walio wengi, wawe na karatasi ya daktari au wawe hawajaipata. Siidharau karatasi hiyo hata kidogo. Mwenye uwezo wa kuitafuta na aitafute. Ila ni vyema kukumbuka vigezo vyake vilikotoka. Daktari wa akili Leo Kanner alipoandika kuhusu usonji huko Baltimore, Marekani, mwaka 1943, alieleza habari za watoto 11, na 8 kati yao walikuwa wavulana. Kwa miongo mingi baadaye picha ya usonji ikabaki kuwa ya mtoto wa kiume. Hadi mwaka 2013, mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uitwao DSM haukuruhusu mtu mmoja kuandikiwa usonji na ADHD kwa pamoja. Toleo la tano, lililotoka mwaka huo, ndilo lililoondoa katazo hilo, na ndilo lililoingiza katika orodha ya vigezo vya usonji ile hali ya kuumizwa na sauti, mwanga au mguso ambao wengine hawaujali. Maana yake ni kwamba kama ningekwenda kupimwa mwaka 2010 ningerudi na nusu ya jibu, ingawa mwili na akili ningekuwa nimekwenda navyo hivihivi.

Yapo pia maswali ambayo hayakunipata nilipo. Dodoso liliuliza kama nilipokuwa mtoto niliwatazama watu machoni. Nimelelewa Lushoto, na huko mtoto anayemkodolea mzee macho huonekana hana adabu. Kuinamisha uso wakati wa kusema shikamoo kulinipatia sifa, na hakuna aliyewahi kuwaza kwamba macho ya watu yalinichoma kweli. Salamu nazo zilikuwa kimbilio langu. Habari za asubuhi, za nyumbani, za watoto, za kazi: niliyakariri majibu yake kama jedwali la kuzidisha, na hadi leo napenda salamu ndefu kwa sababu zamu ya kila mmoja inajulikana. Kinachonishinda ni ule ukimya unaofuata salamu zikiisha, ambapo haijulikani nani aanze na aanze na nini. Hali yangu ilikuwa imejisitiri ndani ya malezi mema kwa miaka thelathini na zaidi. Kwa hiyo, ukisoma orodha ya dalili na kuona kwamba jambo fulani unalimudu, jiulize pia unalimudu kwa gharama gani, na ukishalimaliza unabaki na nini mkononi.

Kilichonisaidia kuliko chochote ni kauntabuku. Mimi ni mhasibu, basi niligawa kila ukurasa safu tatu kama nilivyozoea: nilichofanya, mahali nilipokuwa, na mwili ulinipa ishara gani. Niliandika kila jioni, mistari minne au mitano, bila kujihukumu na bila kutafuta sababu. Nilikuwa na hakika kwamba kinachonimaliza ni wingi wa kazi, na daftari likanikanusha. Siku za kufunga hesabu za mwisho wa mwezi, ninapokaa saa sita mfululizo nikilinganisha taarifa ya benki na leja, ndizo nilizorudi nyumbani nikiwa na nguvu za kuimba na watoto. Zilizoniangusha zilikuwa Jumanne na Alhamisi, na ilinichukua wiki tano kutambua kwa nini: siku hizo nilimshikia mwenzangu zamu ya mapokezi, chini ya taa ya tyubu inayopepesa, simu zikilia na redio ikizungumza, kisha saa kumi na moja jioni nikasimama ndani ya daladala huku konda akigonga bati kwa sarafu karibu na sikio langu. Kila kimoja peke yake ningekivumilia. Vikirundikana, nilifika nyumbani nikiwa sitaki hata mwanangu aniguse, halafu nikalala nikijiita mama mbaya.

Safu ya tatu ilikaa tupu kwa siku nyingi za mwanzo, na utupu huo nao ulikuwa ni habari. Watu wengi wenye usonji hupata shida kuzisoma hisia za ndani ya mwili: njaa, kiu, haja, hata aina ya hisia iliyowashika. Polepole niligundua kwamba ile ghadhabu iliyonijia karibu kila siku saa tisa alasiri, ambayo nilikuwa nimeitubu kama dhambi, ilikuwa njaa. Sikuisikia tumboni, niliiona mikono ikitetemeka na tarakimu zikiruka kwenye kioo cha kompyuta. Sasa simu yangu hulia saa saba kamili mchana, nami hula nikisikia njaa au nisiposikia, na mapigano mengi ya jioni nyumbani kwetu yamekwisha kwa sahani moja ya wali na maharage.

Ukishajua kinachokuumiza, omba mabadiliko ya jambo hilohilo, kwa maneno mepesi. Hulazimiki kumtangazia kila mtu jina la hali yako, na kwa mahali petu pa kazi palivyo, nakushauri umjue kwanza mtu unayemwambia. Mimi nilimwambia mkuu wangu hivi: “Bosi, naomba maagizo uniandikie kwenye meseji, nikiyasikia tu yananipotea.” Alikubali siku hiyohiyo, bila mjadala. Zamu ya mapokezi niliibadilisha na kazi ya kuchambua ankara ambayo hakuna aliyeipenda. Kwenye harusi za ukoo nafika mapema, nampa bibi harusi mkono wa heri, nakaa meza ya karibu na mlango mbali na spika, na katikati ya sherehe natoka nje kukaa robo saa kwenye giza kati ya magari. Mume wangu anajua niko wapi, na wifi yangu, aliyewahi kusema kwamba nina maringo, siku hizi huniletea soda hukohuko nje.

Neno hilo la maringo, pamoja na mzembe, mjeuri na kichwa maji, nilijiandikia ukurasa mzima wa daftari, kila moja na siku nilipoitwa hivyo kwa kadiri ninavyokumbuka. Ilikuwa kazi ya kuumiza, na usiifanye siku uliyochoka. Kando ya kila jina niliandika kilichokuwa kikinitokea saa ile: kelele zilizidi, nilipewa maagizo matatu kwa mpigo, nilisema ukweli nikidhani nimeulizwa ukweli. Damian Milton, mwanazuoni wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, alitoa hoja mwaka 2012 kwamba kutoelewana kati ya mwenye usonji na asiye nao hutoka pande zote mbili, kwa kuwa kila mmoja hushindwa kuusoma moyo wa mwenzake. Hoja hiyo ilinitua mzigo, kwa sababu nilikuwa nimelibeba peke yangu kosa la kila mazungumzo yaliyoharibika. Hata wale walioninywesha kombe nikiwa na miaka minane, wakidhani nimeingiwa na kitu, sina kinyongo nao. Walinipenda, na hilo ndilo jibu walilokuwa nalo.

Nina tahadhari moja ambayo siwezi kuiacha. Kujichunguza kwa daftari hakutoshi pale mwili unapougua. Upungufu wa damu, matatizo ya tezi ya thairoidi, usingizi mbovu na sonona vinaweza kuvuruga umakini na kumaliza nguvu, na vyote vina tiba. Vipimwe kabla hujajipa jina lolote. Dawa za ADHD ni za kuandikiwa na daktari, usizichukue kwa rafiki. Na kama mawazo ya kufa yanakujia, mwambie mtu leo na uende hospitali leo.

Sehemu ya mwisho ya kazi hii iko kwa watu waliokuona ukiwa mdogo. Lile toleo la DSM la 2013 hutaka dalili kadhaa za ADHD ziwe zimeonekana kabla ya miaka 12, na daktari aliponiuliza nilikuwa mtoto wa namna gani sikuwa na la kusema, kwa kuwa mama yangu alishafariki. Baadaye nilipanda basi hadi Lushoto kwa shangazi yangu. Sikumwuliza habari za usonji. Nilimwuliza nilipenda nini, nilikataa nini, nililia kwa sababu gani. Alikuwa akipukuchua mahindi, naye aliniambia kuhusu sweta la shule la sufu ambalo kila asubuhi ya baridi alinifunga vifungo hadi juu, na kila jioni nililirudisha ndani ya mkoba huku nikitetemeka. “Nilikuchapa kwa lile sweta, mwanangu,” akasema. Nikamweleza kwamba lilikuwa likiniwasha kama upupu hadi nashindwa kumsikia mwalimu.

Akanyamaza kidogo, punje zikaendelea kudondoka kwenye ungo. Kisha akaniambia kwamba yeye sufu hajaivaa tangu alipoolewa, kwamba hula saa zilezile kila siku na kikombe kilekile, na kwamba siku akipata wageni wengi hulazimika kwenda kukaa shambani peke yake mpaka jua lizame. Sijampa jina la jambo hilo, naye hakuniomba. Nililala kwake siku mbili. Asubuhi tulikunywa chai bila kuzungumza, kila mtu na kikombe chake.