Nimejiona kwenye video nikikimbia, sikujitambua. Nibadilishe mtindo?

SWALI: Mwalimu, nina miaka 38 na huu ni mwaka wa sita nakimbia, mara nne kwa wiki. Siku zote nilijihisi mwepesi, natua taratibu. Mwezi uliopita rafiki yangu alinirekodi kwa simu, nikaona mtu mwingine kabisa: mguu unarushwa mbele sana, kisigino ndicho kinachogonga chini kwanza, na mkono wa kulia unakatiza kifua. Saa yangu inasoma hatua 162 kwa dakika. Goti la kushoto hunisumbua nikipita kilomita 12. Basi nikaanza kulazimisha kutua kwa vidole, na sasa, wiki mbili baadaye, vigimbi vinauma hata kushuka ngazi ni taabu. Ina maana nimekimbia vibaya miaka yote hii? Nianzie wapi?

JIBU: Anzia kwa kuacha kutua kwa vidole, leo hii. Kutua hivyo hakupunguzi mzigo, kunauhamisha tu: unatoka gotini, unakwenda kwenye kigimbi na kano ya kisigino. Kwa hatua 162 kwa dakika, nusu saa ni kutua mara 4,860, na kila mara mguu unapokea kati ya mara mbili na tatu ya uzito wako. Misuli iliyozoea kazi nyingine kwa miaka sita haiwezi kuipokea hiyo kwa wiki mbili. Maumivu yako hayanishangazi hata kidogo.

Kisigino chenyewe si kosa. Wakimbiaji wengi wa kawaida wa masafa marefu hutua hivyo. Ninachokitafuta mimi kwenye video ni mahali mguu unapotua. Isimamishe picha pale kiatu kinapogusa ardhi, kisha shusha mstari kwa kidole kutoka kwenye nyonga moja kwa moja hadi chini. Ukikuta mguu uko mbele sana ya mstari huo, goti limenyooka na muundi umelalia nyuma, basi kila hatua unajipigia breki kidogo, na goti ndilo linaloilipia. Lakini kama goti limekunjwa kiasi na muundi unakaribia kusimama wima, hata kisigino kikitangulia kugusa sina ugomvi nacho.

Umeshangaa kwamba hukujitambua, na hapa ningependa utulie kidogo, maana ndiko wengi wanakopotelea. Mwili unajua viungo vyake viko wapi bila kuvitazama, ila mwendo wowote uliozoeleka huuhesabu kuwa ndio ulio sawa. Niliwahi kumfundisha mama mmoja aliyekimbia ameinamia mbele kuanzia kiunoni. Nikamwomba anyooke. Akanyooka, akalalamika kwamba sasa anaanguka kinyumenyume. Nikamwonyesha video: alikuwa amesimama wima tu, kama mtu yeyote. Alitazama mara tatu ndipo akakubali. Kwa hiyo usiiamini hisia mwanzoni. Fanya badiliko, litazame, kisha lihisi tena ukiwa umeshaona linavyoonekana. Baada ya wiki kadhaa hisia na picha huanza kukubaliana.

Kurekodi nako kuna namna yake. Simu iwe kwenye kimo cha kiuno, itulie, ikutazame ubavuni, na uiweke kwenye mwendo wa polepole, picha 120 au 240 kwa sekunde. Kimbia kwanza dakika 10. Mizunguko miwili ya mwanzo itupe, kwa sababu kila mtu hujinyoosha akijua anarekodiwa. Rekodi tena mwishoni ukiwa umechoka, na safari hii chukua na ya mgongoni. Kwako wewe ambaye goti huanza kulalamika baada ya kilomita 12, hiyo ya uchovu ndiyo yenye habari.

Siku ambazo hakuna wa kukushikia simu, vua vipokea sauti na usikilize. Kwenye ardhi ngumu, mahali palipotulia, miguu yako inasema pa-pa-pa. Je, mmoja unagonga kwa nguvu kuliko mwenzake? Je, sauti inazidi kuwa nzito kadiri unavyochoka? Mimi huwasikia wanafunzi wangu wakija kabla sijawaona, na mara nyingi sikio linaniambia mapema kile video itakachothibitisha.

Sasa hatua. Huenda umeambiwa lazima ziwe 180. Namba hiyo ilipata umaarufu kupitia kocha wa Marekani, Jack Daniels, aliyewahesabia hatua wakimbiaji kwenye Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984, akakuta karibu wote wamefika 180 au kuzidi. Wale walikuwa mashindanoni, kwa kasi yao. Idadi ya hatua hufuata kasi na urefu wa miguu pia. Wewe ongeza asilimia 5 tu, yaani ufike 170, kwa kasi ileile ya zamani. Hatua zikifupika, mguu unarudi wenyewe chini ya mwili na goti linapumua. Tumia programu ya metronomu kwenye simu, ile inayogonga mdundo wa kasi unayoichagua, dakika moja katika kila tano, halafu uiache miguu iendelee. Angalia saa: wengi wakiongeza hatua hujikuta wameongeza mbio.

Na uwe na jambo moja tu kichwani. Anayeongoza kifundo, goti na bega kwa wakati mmoja hukakamaa. Mimi husema “tua kimya”, basi.

Mkono uache kwanza. Haile Gebrselassie, mkimbiaji wa Ethiopia, alivunja rekodi za dunia mkono wa kushoto ukiwa umekunjwa kwa namna yake, alama ya miaka ya kukimbilia shule akiwa ameshika vitabu. Paula Radcliffe, mkimbiaji wa Uingereza, alitikisa kichwa njia nzima London mwaka 2003 akamaliza marathoni kwa saa 2:15:25. Mkono hujibu kinachofanywa na mguu wa upande wa pili, na goti linalokusumbua ni la kushoto. Kwa hiyo kwenye ile video ya mgongoni tazama hivi: ukiwa umesimamia mguu wa kushoto, je, nyonga ya kulia inashuka? Ikishuka, kazi iko kwenye misuli ya nyonga ya kushoto. Simama kwa mguu mmoja, panda na kushuka kidato polepole, mara tatu kwa wiki.

Vigimbi vipe wiki moja ya kutembea tu, kisha rudi kwa mtindo wako wa zamani na nusu ya umbali. Kano ya kisigino ikivimba au ikikaza kila unapoamka, au ukipata maumivu kwenye mfupa unayoweza kuyaonyesha kwa ncha ya kidole, usikimbie hadi uonwe na daktari au mtaalamu wa fiziotherapia. Video ya pili ichukue baada ya wiki sita, palepale, kwa kasi ileile na viatu vilevile, ili kilichobadilika kiwe ni wewe tu.