Unataka kusambaza maziwa majumbani? Anza na kuosha keni

Wanaonitaka ushauri kuhusu kazi hii huanza na usafiri: baiskeli au pikipiki? Chochote kinachotembea kitakufaa. Mimi nakuuliza kwanza unaosha vyombo vyako vipi, maana maziwa mengi yanayokatika jikoni kwa mteja yaliharibiwa na chombo yalimobebwa.

Achana na madumu ya plastiki yenye mdomo mwembamba. Mkono hauingii, pembe hazisuguliki, na kila mkwaruzo wa ndani ni maficho ya bakteria. Nunua keni ya alumini au ya chuma kisichoshika kutu, yenye mdomo mpana na mfuniko unaobana. Ni ghali, najua, lakini bora uanze na moja nzuri kuliko madumu matano. Ukimaliza mzunguko, isuuze papo hapo kwa maji ya baridi au ya vuguvugu. Ukianza na maji ya moto, protini ya maziwa inaiva na kung'ang'ania ukutani, na utando huo ukishakomaa kuutoa ni kazi. Ndipo yafuate maji ya moto, sabuni na brashi, kisha maji yanayochemka. Iinamishe kichanjani juani ikauke yenyewe; kitambaa cha kufutia kinarudisha uchafu uliokwisha kuutoa. Asubuhi, kabla ya kumimina chochote, fungua mfuniko unuse. Ikinuka uchachu hata kidogo, ioshe upya.

Baada ya usafi ni joto. Maziwa hutoka kwenye kiwele yakiwa na nyuzi 38 hivi, joto ambalo bakteria wanalifurahia sana. Yakipozwa hadi nyuzi 4 ndani ya saa 2, yanatulia. Kama huna jokofu, fupisha muda: chukua, sambaza, maliza, na keni izungushie gunia lililoloweshwa. Ya jana jioni usiyachanganye kamwe na ya leo asubuhi.

Kwa mfugaji, pima kabla ya kulipa. Kwenye laktomita, kipimo kinachoelea kuonyesha uzito wa maziwa ukilinganishwa na maji, maziwa halisi ya ng'ombe husoma kati ya 1.026 na 1.032 hivi kwa nyuzi 20, na yakitiwa maji usomaji unashuka. Ila anayeengua malai kisha akaongeza maji anaweza kukupita, kwa hiyo angalia pia kama yamekuwa mepesi kama maji. Kujua kama yameanza kuchacha, changanya kiasi sawa cha maziwa na alkoholi ya asilimia 70; yakifanya chembechembe, yaache. Uliza pia kuhusu dawa. Ng'ombe aliyechomwa antibiotiki maziwa yake hayauzwi mpaka siku zilizoandikwa kwenye dawa zipite. Mfugaji anayekwambia mwenyewe kwamba ng'ombe wake anatibiwa, mshike huyo. Endelea kununua ya ng'ombe wake wengine, asije akajutia kusema ukweli.

Mlangoni, koroga kabla ya kupima. Malai hupanda juu, na usipokoroga nyumba ya kwanza inapata mafuta na ya mwisho inabaki kulalamika. Subiri povu litulie ndipo ujaze kipimo. Kama ni mabichi, mkumbushe mteja ayachemshe, hata kama mmezoeana, kwa sababu brusela na kifua kikuu cha ng'ombe hupitia humo. Ukiona utachelewa, piga simu mapema. Kuna mzazi anayesubiri maziwa ya mtoto ndipo aondoke kwenda kazini.

Wanaolipa mwisho wa mwezi, kila nyumba iwe na kijidaftari chake, uandike mbele yao kila siku. Deni lililoandikwa wote wawili mkiona halina ubishi.

Na mteja akisema yamekatika, mpe mengine hapo hapo bila kubishana. Mimi nimezipaka keni zangu alama za rangi, kila mfugaji na yake. Nikipata lalamiko naandika rangi pembeni mwa jina la mteja, na rangi moja ikijirudia, kesho yake nafika kwa mfugaji huyo mapema, wakati wa kukamua, tuangalie pamoja ndoo zake na viwele vya ng'ombe.