Re: Mchoro wa Mt. Fransisko alioacha baba mkwe

Ndugu, mtawa aliyelala chali gizani mikononi mwa malaika ni Fransisko wa Asizi, alivyochorwa na Caravaggio, mchoraji wa Italia. Wenu ni nakala: wa asili, wa miaka ya 1590, uko Wadsworth Atheneum, Hartford, Marekani, hivyo usimlipe mtu anayekuahidi hati ya "uhalisi". Unauliza kama serafi, yule malaika wa mabawa sita anayesimuliwa kumtokea Fransisko alipopata madonda, amefutika? Hapana, Caravaggio hakumchora. Tazama kifuani penye jeraha, kisha nyuma gizani: yule ni Ndugu Leo, mtawa mwenzake. Mimi napenda hasa huo utulivu.

Kuusafisha kwa kiazi na sabuni kama unavyofikiria, thubutu! Brashi laini, kavu, basi. Rangi ikiwa inabanduka, usiuguse kabisa. Mpelekee mtaalamu wa kuhifadhi michoro. Usiutundike penye jua wala moshi.