Panga safari ya mkoani kuanzia unakofikia

Wanaojua kwamba mimi husafiri mara kwa mara kati ya Dar es Salaam na Dodoma huniuliza swali lile lile: nipande treni au basi? Kabla sijajibu, nami huwauliza: unataka kufika saa ngapi, na ukishashuka unaelekea wapi? Safari zetu za mikoani siku hizi haziharibikii njiani kama zamani. Lami ipo, reli mpya ipo. Zinaharibikia mwanzoni na mwishoni: kutoka nyumbani kwenda stesheni, kutoka kwenye treni kwenda stendi, kutoka stendi usiku kwenda kwa ndugu. Hapo ndipo hela inapoyeyuka, mizigo inapopotea na wazee wetu wanapoteseka.

Tuanze na hela. Treni ya SGR, yaani ile ya reli mpya, ilianza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro Juni 2024, na Julai mwaka huo huo ikafika Dodoma. Nauli ya kawaida ilipoanza ilikuwa shilingi 13,000 hadi Morogoro na 31,000 hadi Dodoma. Kwa mabasi, LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, mwishoni mwa mwaka 2023 ilipanga shilingi 48.47 kwa kilomita kwa abiria wa daraja la kawaida, na 67.84 kwa daraja la kati. Zidisha 48.47 kwa kilomita 450 hivi za Dodoma, unapata kama shilingi 21,800. Kwa hesabu hiyo basi ni nafuu kwa zaidi ya elfu tisa. Lakini hesabu hiyo haijaisha. Mtu wa Kibamba ana stendi ya Magufuli, pale Mbezi Luis, karibu mlangoni kwake. Akitaka treni itabidi akate jiji zima kuingia mjini, na kama treni yake ni ya alfajiri atalipa teksi au bodaboda. Mtu wa Mbagala mambo yake ni kinyume: mjini anafika kwa daladala moja, na Mbezi ndiyo safari. Kwa hiyo andika nauli ya mwanzo, nauli ya katikati na nauli ya mwisho, jumlisha, ndipo ulinganishe. Wenye watoto wafanye hesabu hii kwa makini zaidi, maana kwenye SGR mtoto wa miaka 4 hadi 12 hulipa nusu na aliye chini ya miaka 4 halipi, lakini bajaji ya kuwafikisha stesheni pamoja na mabegi yao haina nusu.

Jambo moja ambalo watu wa Gongo la Mboto, Chanika na Kisarawe hulisahau: kuna stesheni Pugu. Unakuta mtu ametoka Gongo la Mboto saa kumi za usiku kwenda mjini, amekaa kwenye foleni ya ukaguzi, treni ikang'oa nanga, na baada ya muda mfupi ikasimama Pugu, jirani na kwake. Angalia tu aina ya treni unayokata. Ya kawaida husimama vituo vya njiani kama Pugu, Soga, Ruvu na Ngerengere. Ya haraka huvipita. Ukikata ya haraka ukitegemea kupandia Pugu, utabaki umesimama pale.

Sasa saa. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa sababu anayeumia mara nyingi ni mzee au mtu anayesafiri mara moja kwa mwaka. Tiketi ya mtandaoni imeandikwa saa za kizungu. 09:30 ni saa tatu na nusu asubuhi. 18:00 ni saa kumi na mbili jioni. Aliyezoea kusoma saa yetu akiona 09:30 anaweza kujiandaa kwa saa tisa na nusu alasiri, afike treni imeshapita Morogoro. Ukimkatia mzazi wako tiketi, usimtumie picha ya tiketi peke yake. Mpigie simu, mwambie kwa mdomo: "Mama, treni inaondoka saa tatu na nusu asubuhi, wewe uwe stesheni saa mbili." Kisha mwambie arudie alichosikia. Mimi na mama yangu hufanya hivyo kila anapokuja Dar kwa kliniki, na humwandikia pia kwenye karatasi anayoiweka pamoja na kitambulisho chake.

Kwenye mabasi ya usiku kuna mtego mwingine: tarehe. Tangu Oktoba 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri saa 24, na zipo safari zinazoondoka baada ya saa sita za usiku. Basi la saa sita na nusu usiku, ule usiku ambao sisi wote tunauita wa Ijumaa, kwenye tiketi limeandikwa 00:30 Jumamosi. Ukienda stendi Jumamosi usiku, basi lako liliondoka jana yake. Wakala hawezi kukusaidia, maana tiketi iko sawa. Kabla ya kulipa, muulize anayekata: "Usiku wa kuamkia siku gani?" Jibu la swali hilo halina utata.

Kuhusu usiku wenyewe, ushauri wangu ni kwamba usichague basi kwa saa linaloondoka. Chagua kwa saa linalofika. Basi linaloondoka Dar saa mbili usiku kwenda Dodoma linaonekana zuri kwa sababu umefanya kazi siku nzima, lakini linakushusha saa tisa au saa kumi za usiku, saa ambayo daladala hazijaanza na ndugu yako amelala fofofo. Ukiondoka saa tano au saa sita usiku unafika kumepambazuka. Na kama umelazimika kufika usiku, kaa ndani ya stendi hadi kuche. Usikubali kushushwa barabarani "hapa hapa karibu na kwenu" ukiwa na begi. Kwa mwanamke anayesafiri peke yake hili silijadili hata kidogo: subiri alfajiri, penye taa na watu.

Kuunganisha treni na basi ndiko kunakohitaji akili zaidi. Watu wa Ifakara, Mahenge, Turiani na hata Iringa wameanza kupanda treni hadi Morogoro kisha basi. Wa Singida, Tabora na Kanda ya Ziwa hufanya hivyo Dodoma. Mpango ni mzuri, unakata saa kadhaa na unakwepa foleni ya Kibaha na Chalinze. Ila kumbuka kwamba stesheni na stendi havikujengwa pamoja. Morogoro treni inakuacha Kihonda, na mabasi yako Msamvu. Si mwendo wa kutembea na begi kichwani. Dodoma stendi kuu iko Nane Nane, Nzuguni, kwenye barabara iendayo Dar es Salaam. Katikati hapo utahitaji daladala, bajaji au bodaboda, na treni nzima imeshuka pamoja nawe, kila mtu anagombea bajaji zile zile.

Mimi hujiachia saa mbili kamili kati ya treni kufika na basi kuondoka. Wengine wananiona mwoga. Lakini treni ikichelewa nusu saa, ukasubiri mizigo ya mzee na vijukuu vyake robo saa, ukabishana bei ya bajaji, saa moja imekwisha na hujafika hata getini. Kikubwa zaidi, usiunganishe na basi la mwisho la siku. Liache liwe akiba yako: ukikosa la kabla yake, hilo la mwisho linakuokoa. Ukilikata hilo la mwisho na likakuacha, unalala gesti. Na bei ya bajaji patana kabla mzigo haujapanda. Mzigo ukishapanda, wewe si mnunuzi tena.

Tiketi za basi sasa zinatakiwa kuwa za mtandao, na hili ni jambo la kushukuru. Tiketi halali ina jina lako, namba ya kiti, namba ya basi, nauli na saa. Bado stendi zetu zina vishoka, hasa Desemba watu wa Kilimanjaro wanapokwenda kwao na Januari wanafunzi wanaporudi shule. Anakushika mkono, anakuambia mabasi yote yamejaa isipokuwa la kwake, anakupeleka kwenye basi ambalo halijawashwa hata injini. Usimpe hela mkononi mtu aliyesimama nje ya ofisi. Nenda dirishani, lipa, subiri ujumbe uingie kwenye simu, usome jina na tarehe ukiwa bado hapo hapo. Kwa Desemba kata mapema kadiri unavyoweza. Hakuna maarifa mengine.

Mzigo. Kwenye basi mtu mzima ana haki ya kilo 20 bila kulipia. Watu wengi hawajui, wakiambiwa "lete elfu tano ya buti" wanatoa. Ikiwa una gunia la mchele na ndoo mbili za mafuta ya alizeti, basi lipia, ni haki ya mwenye basi, lakini dai risiti ya huo mzigo. Begi lako la nguo halihitaji malipo. Weka alama inayoonekana, kitambaa cha rangi kali au jina kwa maka peni, kwa sababu mabegi meusi ya matairi yote yanafanana, na anayeshuka kabla yako gizani anaweza kuchukua la kwako bila nia mbaya. Kama unashuka njiani, mwambie utingo mapema wakati wa kupakia, ili begi lako lisizikwe chini ya mizigo ya Mwanza. Dawa, vyeti, hela na simu vikae na wewe kwenye kiti, hata kama begi la buti lina kufuli.

Niwaambie na lile la aibu ambalo watu huvumilia kimya: choo. Kwenye treni vyoo vimo ndani, na kwangu hiyo peke yake inatosha kumpandisha mzee au mjamzito treni hata kama nauli ni kubwa. Kwenye basi, kuchimba dawa hutegemea dereva. Zipo sehemu za kula zinazojulikana, kama Korogwe kwa njia ya kaskazini na Ruaha Mbuyuni kwa njia ya Iringa, lakini mapumziko ni ya haraka na foleni ya choo cha kina mama huwa ndefu. Shuka, nenda chooni kwanza, chakula baadaye. Mwenye kisukari au tatizo la kibofu amwambie kondakta kabla basi halijaondoka, bila haya. Makondakta wengi ni waungwana wakiambiwa mapema. Ni ule ukimya wa saa tatu na kisha kupiga kelele katikati ya hifadhi ya Mikumi ndio unaoleta ugomvi, kwa sababu kule kushuka haiwezekani, kuna wanyama. Na kuacha kunywa maji ili usibanwe ni hatari, hasa kwa wazee. Kunywa kidogo kidogo.

Usalama barabarani una haki zake, na haki hizi ni zako wewe uliyekaa kwenye kiti. Funga mkanda, ukikuta kiti hakina, sema kabla ya kuondoka. Safari inayozidi saa nane inatakiwa kuwa na madereva wawili. Mabasi yamefungwa mfumo wa kufuatilia mwendo, na LATRA huona basi linapokimbia kupita kiasi, lakini sauti ya abiria bado inahitajika. Niliwahi kuwa kwenye basi ambalo dereva alikuwa anayapita malori kwenye kona, na abiria wote tukawa tunaguna tu. Akasimama mama mmoja mtu mzima, akasema: "Mwanangu, sisi hatuna haraka hiyo, tuna watoto nyumbani." Wengine tukamuunga mkono. Mwendo ulipungua. Semeni kwa adabu na semeni wengi, si mmoja mmoja.

Likitokea la kutokea, basi likaharibika na mkaachwa porini, au ukapandishwa kwenye basi la daraja la chini kuliko ulilolipia, au ukatozwa zaidi ya nauli, tiketi ndiyo shahidi wako. Usiifute kwenye simu. Piga picha ya namba ya basi, andika mahali na saa ilipotokea, na chukua namba ya simu ya abiria mwenzako aliyeona. Namba ya kupiga bure ya LATRA hubandikwa ndani ya mabasi; ihifadhi kwenye simu yako leo, kabla ya shida. Ukipiga, anza na namba ya basi na tarehe, hasira zifuate baadaye. Mzigo ukipotea, usitoke stendi. Nenda ofisi ya basi hilo siku ile ile, uandikishe maelezo, upewe nakala yenye jina la aliyekuhudumia na muhuri, kisha ndipo uondoke.