Mfumo mdogo wa kodi za nyumba: anza na daftari la malipo

Mwenye nyumba mwenye vyumba 30 jijini Nairobi akimwita mtengenezaji wa mifumo ya wavuti, kwanza ataomba vitu vinavyoonekana: grafu, rangi, ukurasa wa kuingilia. Lakini kinachomsumbua hasa ni swali moja linalorudi kila mwanzo wa mwezi: nani amelipa, nani bado, na kila mmoja anadaiwa ngapi? Mfumo ukilijibu bila kukosea, utatumika miaka. Ukikosea mara mbili, anarudi kwenye kitabu chake cha karatasi na wewe hupati kazi ya pili. Kwa hiyo jenga sehemu ya malipo kwanza, kurasa zifuate.

Wapangaji wengi hulipa wenyewe kwa Paybill, namba ya M-Pesa ya kupokelea malipo, wakiandika namba ya nyumba kwenye sehemu ya akaunti. Ili mfumo upate habari, unasajili anwani mbili kwenye Daraja, ambayo ni API ya M-Pesa, yaani njia ya programu yako kuzungumza na mfumo wa Safaricom: moja ya kuhakiki malipo kabla hayajapita, nyingine ya kuthibitisha yaliyokwisha kupita. Zote ziwe za HTTPS na zifikike kutoka nje. Usiweke ndani yake maneno kama mpesa, safaricom au query, maana zinaweza kukataliwa bila maelezo ya kutosha. Uhakiki hauji wenyewe, lazima uombe Safaricom iuwashe. Ukishawashwa, seva yako ina sekunde kama 8 za kujibu. Ikichelewa, kinachofuata huamuliwa na ResponseType, chaguo uliloliweka wakati wa kusajili: Completed hupitisha malipo, Cancelled huyakataa. Kwa kodi ya nyumba, weka Completed. Mpangaji aliyekataliwa leo akiwa na hela kwenye simu, kesho huenda zimekwishakwenda kwenye karo.

Sasa tufike mahali mifumo mingi inapoharibikia. Ujumbe wa malipo unaingia, programu inamtafuta mpangaji kwa namba ya akaunti, haimpati, inatoa hitilafu, na ujumbe unapotea. Hela zimefika kwenye Paybill lakini daftari halijui. Na namba zitakosewa tu: nyumba B12 itaandikwa "b 12", "B-12", "nyumba B12", na wengine wataandika jina lao. Dawa ni kugeuza mpangilio. Hifadhi kwanza ujumbe mzima kama ulivyoingia, neno kwa neno, kwenye jedwali la peke yake. Jibu kwa ResultCode 0, yaani umepokea. Baada ya hapo ndipo kazi nyingine, inayoendeshwa kando, ilinganishe malipo na nyumba: iondoe nafasi na vistari, igeuze herufi zote kuwa kubwa, kisha itafute. Isipopata, malipo yaende kwenye orodha ya yasiyojulikana ili mtunza jengo ayagawe kwa mkono. Usiifundishe programu kubahatisha, kwa sababu katika jengo lingine B12 na 12B ni milango miwili tofauti. Wala usitegemee namba ya simu kumtambua mpangaji, maana huja imefichwa.

TransID, ile namba ya risiti ya herufi na tarakimu 10, iwekee sharti la upekee kwenye hifadhidata yenyewe, usiishie kuikagua ndani ya msimbo. Ujumbe uleule ukiingia mara mbili kwa wakati mmoja, ukaguzi wa msimbo unaweza kuupitisha mara zote mbili, ila hifadhidata itaukataa wa pili.

Salio la mpangaji lisiwe namba inayofutwa na kuandikwa upya. Liwe jumla ya mistari: kodi ya mwezi ni mstari, malipo ni mstari, faini ni mstari, na marekebisho pia ni mstari mpya wenye jina la aliyeyafanya. Hakuna mstari unaofutwa. Siku mpangaji atakapobishia deni, na siku hiyo itafika, mtunza jengo atafungua ukurasa mmoja na wote wawili watasoma kutoka juu hadi chini. Kiasi huja kama maandishi, kwa mfano "8500.00". Kihifadhi kama senti kwa namba kamili au kwa aina ya desimali. Namba za float, ambazo kompyuta huzihifadhi kwa makadirio, ziache kabisa.

Saa nayo ina mtego wake. TransTime, yaani saa ya malipo, huja kwa saa za Afrika Mashariki, bila alama yoyote ya kusema hivyo. Tuseme mpangaji amelipa saa nne usiku tarehe 28 Februari: utapokea 20260228220000. Programu ikiichukulia kuwa UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa 3, kisha ikaongeza saa 3 wakati wa kuonyesha, malipo yatasomeka saa saba usiku tarehe 1 Machi. Mtu amelipa ndani ya mwezi, mfumo unampiga faini. Utaje ukanda wa saa wa Africa/Nairobi waziwazi unapoisoma.

Kitufe cha "Lipa sasa" kinachotuma ombi la PIN kwenye simu ya mpangaji ni kizuri, ila kiongeze baadaye. Namba ya simu ianze na 254, kiasi kisiwe na senti, na jina la akaunti lisizidi herufi 12. Tokeni ya kuingilia Daraja huisha baada ya sekunde 3,599, basi itunze na uiombe upya kabla haijaisha. Jibu la kwanza unalopata linasema tu kwamba ombi limepokelewa, na hapo ndipo wengi huandika "amelipa" kabla ya wakati. Subiri matokeo: 0 ni kulipa, 1 ni salio kutotosha, 1032 ni mtu kukatisha, 1037 ni simu kutopatikana. Kizime kitufe kikishabonyezwa, kwa sababu mtandao ukizubaa watu hubonyeza tena.

Yeyote anayeijua anwani yako ya kuthibitisha anaweza kutuma malipo ya uongo. Ipe njia ndefu isiyokisika, ruhusu IP (anwani za mtandao) za Safaricom pekee, na kila wiki pakia taarifa ya akaunti iliyopakuliwa kutoka tovuti ya M-Pesa ya mwenye nyumba. Mfumo uilinganishe na daftari kwa TransID. Hapo utanasa ya uongo, na pia yale yaliyoingia seva ikiwa imezima.

Kwa vyumba 30, seva moja yenye RAM ya GB 1 na hifadhidata moja ya PostgreSQL zinatosha na kubaki. Nakala rudufu ichukuliwe kila usiku, ipelekwe nje ya seva hiyo, na mara moja kwa mwezi irudishwe kwenye kompyuta nyingine uone kama inafunguka. Nakala ambayo haijawahi kurudishwa usiihesabu.

Kuhusu makubaliano, nusu ya malipo ilipwe kabla ya mstari wa kwanza wa msimbo, na matengenezo yawe na bei yake ya kila mwezi. Andikeni pia yasiyomo: kuhamisha madeni ya zamani kutoka kitabuni ni kazi inayojitegemea, na mara nyingi huchukua muda mrefu kuliko ukurasa wowote. Ukilipwa na kampuni, huenda ikakata kodi ya zuio ya asilimia 5, basi hesabu bei yako ukilijua hilo na udai cheti chake. Kikoa cha .co.ke, akaunti ya seva na akaunti ya Daraja viandikishwe kwa jina la mwenye nyumba tangu siku ya kwanza, wewe upewe ruhusa ya kuingia tu. Passkey, ufunguo wa siri wa Daraja, na funguo nyingine zikae nje ya Git, hifadhi ya msimbo, na mkiachana zibadilishwe siku hiyohiyo.